Barabara Mbili za Got Okwara

Tulimwacha Santina Akwero ameinama juu ya meza ya Nyongesa pale Kamwokya, na kidole cha Nyongesa kimesimama katikati ya ramani kama kimepigiliwa msumari.

"Mama Lakot," Nyongesa alisema, "hapa hapakuwa na nyumba yenu."

Kwa ninyi mliokosa gazeti, nawaambia kwa ufupi. Santina ni mjane wa sajini wa polisi, anaishi Kyebando. Mtoto wake wa pekee, Lakot, alikufa kwa kipindupindu kambini kaskazini, miaka ya vita, akiwa na bibi yake pamoja na watu wote wa kilima cha Got Okwara. Mama mtu alikuwa huku Kampala. Kambi zilipofungwa, mwenye shamba alitaka shamba lake, na kila familia ikaambiwa ihamishe wafu wake. Santina akampeleka Lakot nyumbani, chini ya kilima, akamzika tena.

Sasa mzee mmoja anayeitwa Olanya anasema ardhi ile ni ya ukoo wake. Kesi iko kortini. Olanya akishinda, kaburi litaondolewa.

Tangu kesi ianze Santina ana ombi moja tu. Mwanawe asichimbuliwe mara ya pili.

Ndiyo maana alikwenda mpaka Entebbe kutafuta ramani ya zamani, ile iliyochorwa wakati wa uhuru, yenye kila kijiji na kila kisima. Karani mmoja mwanamke alipanda ngazi hadi rafu ya juu, akashuka na vumbi kwenye nywele, akaifuta ramani kwa leso yake mwenyewe kabla ya kumkabidhi. Hata jina lake hakulitaja. Santina aliondoka pale akiwa na hakika kwamba amebeba ushindi.

Na sasa Nyongesa anamwambia nini?

Kidega alicheka, cheko la mtu asiyependa anachosikia. Kidega ni shemeji yake Santina, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa askari jeshi, siku hizi analinda ghala moja mjini, na ndiye anayeisimamia kesi kwa niaba ya ukoo.

"Wewe Mkenya, utanionyesha mimi kwetu?"

"Mimi sikuonyeshi, afande. Ni karatasi inaonyesha. Mimi mwenyewe nikienda kwetu Bungoma napotea, watoto wananicheka."

Nyongesa hakuwa mtu wa ugomvi. Kazi yake ni kunakili michoro ya nyumba na viwanja, lakini ujana wake aliwabebea vyombo wapimaji wa barabara, akajifunza kusoma ramani. Alimvutia Santina kiti. Aliona macho yake yanahangaika, akawasha taa ya meza ingawa ulikuwa mchana.

Akaeleza taratibu. Mistari ya kahawia ni mwinuko. Ikibanana, hapo kilima ni kikali. Mstari mwekundu ni barabara. Vimraba vyeusi, vidogo kama mbegu za ufuta, ni nyumba za watu.

"Sasa niambie wewe, mama. Mlijuaje kwamba pale ndipo kwenu?"

Santina akaeleza, na alieleza kama ambavyo wangeeleza wote waliorudi kutoka kambini. Walikuta hakuna kitu. Nyumba zilichomwa. Miti ilikatwa ikawa makaa. Majani yalikuwa yamempita mtu urefu, na wazee waliojua mipaka walikuwa wamekufa. Yeye mwenyewe aliolewa pale, akaishi kambi za polisi. Kidega aliingia jeshini angali mdogo. Kilichobaki ni barabara. Basi kila familia ilitafuta kwao kwa kuhesabu kutoka barabarani. Unakwenda na kilima mkono wa kulia, unafika kalavati ya pili, na nyumba iko kati ya barabara na kilima.

"Na hiyo barabara iko upande gani wa kilima?"

"Upande jua linakotoka."

Nyongesa akaisogeza taa. Mstari mwekundu ulipita upande wa pili, upande jua linakozama.

"Ramani iko na makosa," Kidega alisema. "Hao Wazungu walikuwa wanachora wamelewa."

"Inawezekana, afande. Lakini barabara ya leo nani alitengeneza?"



Santina akageuka kumtazama Kidega, kwa sababu jibu alilijua. Kidega mwenyewe ndiye aliyemsimulia, siku moja wakila nyumbani kwake Kyebando. Jeshi lilikata barabara mpya wakati wa vita, maana ile ya zamani ilipita kando ya bwawa na malori yalikuwa yakishambuliwa kila mara. Vijana wa kikosi cha Kidega walitembea nyuma ya greda na bunduki zao.

"Shemeji," aliuliza polepole, "ile barabara mliyolinda greda ni ipi?"

"Barabara ni mingi, shemeji."

Basi Santina akaelewa. Zamani walikuwa wanakuja kutoka mjini, na kilima kilikuwa mkono wa kulia. Siku ya kurudi na Lakot walitoka kambini, upande mwingine kabisa, kwa barabara mpya, na kilima kikawa mkono wa kulia vilevile. Kalavati zilikuwepo. Walihesabu, wakakata majani, wakalia, wakazika.

Akamkumbuka mama mkwe wake, jinsi alivyokuwa akilalamika kwamba jua linachelewa kuvuka kilima na ufuta haukauki. Kaburini kwa Lakot jua la asubuhi lilikuwa linampiga Santina usoni kila alipokwenda. Alilifunika kwa kiganja, na hakulifikiria zaidi.

Nyongesa akasoma majina yaliyoandikwa kwenye ramani. Upande wa jua kuzama, Paboni. Huo ni ukoo wa mumewe Santina. Upande wa jua kutoka, Pakeno.

Pakeno ni ukoo wa Olanya.

Karatasi aliyoiendea Entebbe ili imwokoe mwanawe ilikuwa inasema kwamba yule mzee ana haki.

"Sikilizeni," Kidega alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hii kitu tumeiona watatu. Jumatatu tunakwenda korti bila ramani. Kwisha."

Akanyoosha mkono. Santina alikuwa ameshaikunja ramani, akaisokomeza ndani ya mshipi wa gomesi, gauni lake refu. Kidega akabaki na mkono hewani. Ni mtu mwenye hasira, lakini hawezi kugusa kiuno cha mke wa kaka yake, na wote watatu walilijua hilo.

"Unaficha huko kwa sababu unajua siwezi," alisema.

"Ndiyo, shemeji. Najua."

Akachukua kofia yake. Mlangoni akageuka.

"Ukimpa Olanya hiyo karatasi, umemchimbua mtoto kwa mkono wako mwenyewe."

Akatoka.

Nyongesa alijifanya anatafuta kitu chini ya meza ili mama wa watu alie bila kutazamwa. Aliponyanyuka alimpa maji, akamwambia hatatoa nakala kwa mtu yeyote mpaka yeye Santina atakaposema.

Wanangu, mngefanya nini? Kuinyamazia kweli ili mwanao alale, au kuisema na mwanao atolewe?

Santina alivuka barabara akashika njia ya Mulago.

Alikuwa amesikia kwamba Olanya ameletwa hospitali, hali yake mbaya. Kidega ndiye aliyeileta habari hiyo, na aliileta kama habari njema, kwamba pengine kesi itakufa pamoja na mzee. Santina hakufurahi siku ile. Leo alikuwa anakwenda kumwona, na njia nzima hakujua atasema nini.

Pale uwanjani, mahali wanaouguza jamaa zao wanapofulia na kuanika nguo kwenye majani, alimuuliza mwanamke mmoja kwa Kiacholi kama anamfahamu ladit, yaani mzee, Olanya wa Got Okwara.

"Ni mume wangu," mwanamke akasema. "Amelala kidogo. Keti, mego, keti mama, usisimame juani."

Aliitwa Abalo. Alikuwa na sigiri, sufuria ya uji na kikombe kimoja. Alikisuuza kile kikombe, akakijaza, akampa mgeni. Hakumfahamu, kesi ilikuwa ya wanaume, na wanawake wa pande mbili hawakuwahi kuonana kortini. Alidhani ni mmoja wa mabinti wa kilimani walioolewa Kampala, na Santina hakupata nafasi ya kumsahihisha, kwa sababu Abalo alikuwa na kiu ya kuongea lugha ya kwao. Alimsimulia safari ya basi na mgonjwa magotini. Alimsimulia muuguzi wa zamu aliyemletea godoro la kulalia chini bila kuombwa. Alikuwa na wasiwasi na mbuzi. Alikuwa na wasiwasi na karanga shambani.

"Na kile kikaburi," alisema. "Majani yatakuwa yamekifunika."

Santina aliuliza ni kaburi gani.

"La mtoto wa wale tunaoshtakiana nao. Walimzika kwetu. Mzee alisema kesi ni ya wakubwa, mtoto hana kesi. Basi mimi hufagia. Nikichimba karanga huwa naacha chache pale. Utafanyaje? Mtoto ni mtoto."

Santina akakiweka kikombe chini.

"Anaitwa Lakot," alisema. "Mimi ndiye mama yake."

Uji ulichemka, ukapanda mpaka ukingoni mwa sufuria, na hakuna aliyeutazama. Kisha Abalo akakiokota kikombe, akakijaza tena.

"Kunywa, mego," alisema. "Hujashiba."

Santina akanywa uji ule na machozi yake ndani. Alipomaliza akaitoa ramani kwenye mshipi na kumwonyesha, akamweleza yote: barabara mbili, kilima kimoja, na kwamba mzee Olanya alikuwa akisema kweli tangu mwanzo. Alisema amekuja kuikabidhi. Alisema anaomba jambo moja, kwamba siku ya kumtoa mtoto, Abalo awepo.

Abalo alimshika mkono, wakaingia wodini.

Olanya alikuwa mwembamba kama mti uliochomwa moto. Mkewe akamwinamia sikioni, akamwambia ni nani amekuja. Mzee alifumbua macho, akatazama, wala hakukunja uso. Aliomba anyanyuliwe.

Santina akaitandaza ramani juu ya shuka.

Muda mrefu kidole cha mzee kilitembea juu ya karatasi bila haraka. Alitajiwa majina na Santina, naye akaitikia kila moja. Akakuta alama ya kisima. "Hiki alichimba baba," alisema, akacheka kidogo, na kucheka kukampa kikohozi. Abalo akamfuta mdomo.

Kisha kidole kikavuka mistari ya kahawia, kikashuka upande wa pili wa kilima.

"Kwenu ni hapa," alisema. "Nilimwonyesha shemeji yako."

Santina alidhani mgonjwa anaweweseka.

"Ulimwonyesha lini, ladit?"

"Kabla ya kesi. Tulikata majani pamoja, yeye na mimi. Nikamwonyesha mawe ya jiko la mama mkwe wako. Bado yako pale, matatu. Hakuna mtu amegusa ardhi ile. Ni yenu, inawasubiri."

"Akasema nini?"

"Alikaa juu ya jiwe moja akalia. Baadaye akasimama akasema haondoki kwangu, nikitaka nimpeleke korti. Nilimwuliza kwa nini. Mpaka leo sijaelewa." Akapumzika, kisha akaendelea. "Kama ni kwa ajili ya kaburi, angeniomba tu. Ningemwachia mtoto mahali pake. Hata sasa namwachia. Abalo, umesikia? Uwaambie vijana. Mtoto asiguswe."

Wanangu, mnaona jambo hilo? Kile alichokililia Santina mwaka mzima, alichokwenda kukitafuta Entebbe, mzee huyu alikitoa kitandani kwake kama mtu anayetoa maji ya kunywa.

Santina alipiga magoti. Alikuwa anatafuta maneno ya kushukuru.

"Usimshukuru, shemeji."

Sauti ilitoka miguuni pa kitanda. Kidega alikuwa amesimama pale na sare yake ya ulinzi, kofia mkononi. Alikuwa amerudi Kamwokya kuomba radhi kwa maneno yake, na Nyongesa akamwambia mama ameshika njia ya Mulago. Lango la ghala analolilinda alikuwa ameliacha wazi. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini, ila uso wake ulionyesha kwamba amesikia mengi.

"Usimshukuru," alisema tena. "Pale hakuna mtu."

"Pale wapi?"

"Kaburini. Lakot hayupo pale."

Santina hakusimama. Alibaki magotini, mkono mmoja juu ya shuka ya mzee.

Kidega akaanza kusema, na alisema akiwa ameitazama kofia. Siku ile walipokwenda kambini kuchimba, wanawake waliketi mbali, kama ilivyo desturi yao, na wanaume ndio walioshika majembe. Walikuta misalaba imeng'olewa, watu wameifanya kuni. Walichimba mahali Kidega alipowahi kuonyeshwa na mama yake, bibi wa Lakot. Hapakuwa na kitu. Wakachimba pembeni, wakakuta mtu mzima. Wakachimba tena, wakakuta mtu mzima mwingine. Wenzake wakachoka, wakaenda kwa wafu wao.

"Nikakutazama," alisema. "Ulikuwa umekaa na lile blanketi la manjano ulilomnunulia, umelikunja vizuri juu ya mapaja. Miguu ilinikataa kuja kukuambia. Nikaja nikaomba blanketi, ukanipa. Nikafunga mawe ndani yake."

"Mawe," Santina alisema.

"Mawe, shemeji. Niliyapima mkononi, yawe na uzito wa mtoto."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani.

"Ndiyo maana sikutaka kutoka kwa huyu mzee," Kidega akaendelea. "Tukihama, tutachimba. Tukichimba, wewe utaona. Nikasema bora tugombane mpaka nife. Bora unione mwizi wa ardhi."

Niwaambie ukweli, nimeandika hadithi hii wiki nyingi, na mtu huyu nimempa maneno makali mara nyingi. Hapa nilikosa pa kumshika. Alikuwa amebeba mawe yale peke yake, kila siku, mpaka mgongo wa roho umepinda.

Santina hakumtukana wala hakumlilia. Alimtazama mpaka Kidega mwenyewe akashindwa, akapiga magoti upande wa pili wa kitanda. Kati yao kulikuwa na mzee mgonjwa, na ramani juu yake ikipanda na kushuka kwa pumzi zake.

"Basi mwanangu yuko wapi?"

Kidega akaivuta ramani kidogo, akatafuta ilipokuwa kambi. Lakini ramani ile ilichorwa zamani, kabla ya vita, kabla mtu yeyote hajaota kwamba watu wa kilima kizima watasukumwa mahali pamoja waishi na kufa hapo. Kulikuwa na alama ya shule ya misheni. Kulikuwa na alama ya zahanati. Kati ya hizo mbili, mahali waliposongamana watu wote wale na makaburi yao yote, palikuwa karatasi nyeupe.

Akaweka kidole katikati ya weupe ule.

"Hapa," alisema. "Mahali fulani hapa. Sijui, shemeji. Sijui."

Santina alikitazama kile kidole. Upana wake tu, kule kaskazini, ni shamba zima. Akalaza kichwa ukingoni mwa kitanda, na hapo ndipo alipolia kwa sauti, kilio ambacho mama hulia mara moja kwa kila mtoto, na yeye alikuwa anakilia mara ya tatu kwa mtoto yuleyule.

Abalo, aliyekuwa ameshika miguu ya mumewe, akaja upande wao. Alikitazama kidole cha Kidega.

"Shule ni ipi?" aliuliza.

Kidega akamwonyesha.

"Zahanati?"

Akamwonyesha.

"Na sisi tulikuwa kambi hiyo," Abalo alisema. Alijifuta mikono kwenye kitenge chake kama mtu anayetaka kushika chakula. "Mwaka wa kipindupindu, wanaume waliogopa kugusa wafu. Sisi wanawake watatu tuliosha mtoto wa kike. Bibi yake alikuwa mgonjwa, hawezi kusimama, na mama yake alikuwa mke wa polisi, yuko mjini. Sikujua ni wenu mpaka leo. Hatukumzika pale na wengine. Pale palikuwa pamejaa."

Santina aliinua kichwa.

Abalo akakishika kidole cha Kidega, akakiondoa pale kilipokuwa, akaanza kukisogeza juu ya karatasi nyeupe, polepole, kuiacha shule nyuma, kuikaribia zahanati, mpaka akakisimamisha.

Akakibonyeza.